Nahodha wa Kondoa

Wanaume wengine wakistaafu hununua mashine ya kusaga, au kashamba huko Bagamoyo, au hufunga safari ya Hija wakarudi wametulia. Baba Rehema, baada ya kuendesha mabasi ya abiria miaka mingi katika miji ya Uingereza, alipopewa mkono wa kwaheri alikwenda kununua chombo cha majini. Hakuniuliza. Alinijulisha, na hayo ni mambo mawili tofauti; wenye ndoa mtanielewa.

Niseme kwanza huyu bwana ni mtu wa wapi. Kwao ni Kondoa, mkoa wa Dodoma, ambako mito ni mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe, na ikishanyesha maji hupita kwa hasira siku mbili tatu kisha mchanga ukarudi kuwa mchanga. Bahari ameiona akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Kuogelea hajui mpaka leo. Mimi ni binti wa Mkokotoni. Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua za kuvusha watu Tumbatu, babu yangu kabla yake alisafiri na majahazi, na shangazi zangu walikuwa wakijua kusi na kaskazi kabla ya kujua kusoma. Sasa niulizeni: kwenye chombo chetu, nani nahodha?

Chombo chenyewe ni boti la mferejini, la chuma tupu, lenye urefu wa mita 17 na upana wa mita mbili na kitu kidogo. Umesoma vizuri, msomaji. Ndani mna kila kitu: sebule, jiko, choo, kitanda, vyote vimepangwa kwa mstari mmoja kutoka omo hadi tezi. Anayetoka kitandani kwenda sebuleni sharti apite chooni na jikoni, na akikutana na mwenzake njiani mmoja arudi nyuma, kama mabasi mawili kwenye daraja la njia moja. Na kwa kuwa mwenzangu alikuwa dereva, anaamini haki ya kupita kwanza ni yake kwa taaluma.

Upana huo hakuuchagua yeye, lazima niwe mkweli. Ulichaguliwa na fundi aliyeitwa James Brindley. Mfereji wake wa kwanza maarufu, aliomchimbia Duke wa Bridgewater, ulifunguliwa mwaka 1761 kupeleka makaa ya mawe kutoka migodi ya Worsley hadi Manchester, na bei ya makaa ikashuka kwa nusu. Matajiri waliponusa faida, nchi nzima ikaanza kuchimbwa. Kwenye mifereji mingi ya katikati ya nchi iliyofuata, milango ya maji ikajengwa kwa upana wa futi saba tu, ili kubana maji na gharama, na tangu hapo kila boti linalotaka kupita huko halina budi kuwa jembamba. Kwa maneno mengine, nafasi ya kujigeuza kitandani mwangu usiku wa leo iliamuliwa na mtu aliyefariki mwaka 1772.

Nilipompigia mjomba wangu Mkokotoni kumpa habari, alifurahi mno. "Alhamdulillahi, damu haipotei! Chombo kinabeba tani ngapi?" Nikamwambia hakibebi kitu, mjomba, kinatubeba sisi. "Kumbe mnavua?" Hatuvui. "Basi mnakwenda wapi?" Popote, halafu tunarudi. Akanyamaza kidogo. "Na maji yana kina gani huko?" Nikamwambia ukweli, kwamba sehemu nyingi yanafika kiunoni, na mtu akianguka cha kwanza anachoambiwa ni asimame. Mjomba alicheka mpaka simu ikachukuliwa na mkewe. "Umemwambia nini mwenzio? Kakabwa!"

Tuje kwenye hiyo milango ya maji, maana ndiko kilio changu kiliko. Uingereza ina vilima na maji hayapandi kilima, kwa hiyo wahenga wao wakajenga loki. Loki ni chumba cha mawe au matofali kilichozama ardhini, chenye milango mizito huku na huku. Boti linaingia, mlango unafungwa nyuma yake, kisha vilango vidogo vilivyo chini ya maji vinafunguliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Maji ya upande wa juu yanamiminika chumbani, na boti linapanda lenyewe taratibu, mita mbili, wakati mwingine tatu, bila pampu wala umeme. Maji yakilingana pande zote mbili, mlango wa mbele unafunguka, unatoka uko juu ya kilima. Mara ya kwanza nilipouona mtambo huo ukifanya kazi nilisema Subhanallah. Mara ya pili nikauliza nani anafungua milango.

Anafungua mke.

Nenda mfereji wowote wa Uingereza ukashuhudie mwenyewe. Mume yuko nyuma ya boti, mkono mmoja kwenye kana, mwingine kwenye kikombe cha chai, uso wake umejaa hekima. Mke yuko nchi kavu, mkono wa chuma umechomekwa mkandani, anakimbia mbele ya boti kwenda kuandaa loki inayofuata. Anazungusha vyuma vyenye grisi. Anavuka juu ya mlango kwenye kibao chembamba, chini yake shimo la maji meusi. Anageuka, anaegemeza makalio kwenye boriti ndefu ya mlango, anakita visigino kwenye matofali yaliyoinuliwa makusudi kwa kazi hiyo, na kusukuma kinyumenyume. Maji yasipolingana bado, unaweza kusukuma mpaka adhana ya magharibi, mlango hausogei hata unywele. Na wakati huo nahodha anauliza kwa sauti ya upole kutoka shimoni, "Mama Rehema, kuna tatizo?"

Kwenye loki zenye foleni sisi wake tunakutana. Bibi mmoja wa Yorkshire, mzee kuliko mimi, aliniambia mumewe hupiga honi akiona anachelewa. Mwingine alisema wa kwake hutoa maelekezo kwa mikono, kama askari wa usalama barabarani, na maelekezo yenyewe huwa ni ya loki iliyopita. Tunacheka, tunapeana biskuti, kila mmoja anarudi kusukuma boriti yake.

Mtasema kwa nini hatubadilishani. Tumejaribu. Kwenye kana mimi sina tabu: ukiisukuma kushoto chombo kinakwenda kulia, jambo ambalo kwetu mtoto wa miaka sita analijua. Baba Rehema ndiye aliyepata shida, kwa sababu usukani wa basi hauna kinyume namna hiyo, na boti halina breki. Kuna kingo kadhaa za mifereji ya Northamptonshire ambazo zina rangi yetu ya buluu mpaka leo. Lakini siku niliposhika kana mimi, yeye akasukuma mlango mmoja, akajishika kiuno, na tangu siku hiyo tuna ushauri wa daktari kwamba asisukume vitu vizito. Nimeusoma ushauri ule mara mbili. Kikombe cha chai hakikutajwa.

Basi jioni ananionyesha picha. Huu hapa mteremko wa Hatton, karibu na Warwick, loki 21 zinafuatana. Huu mlima wa Caen, pale Devizes, loki 29, na kati yake 16 zimepanda kilima kwa mstari mmoja ulionyooka. Anataka twende. Anauliza macho yakimng'aa. Mimi nanyoosha mgongo kwenye kigodoro cha Brindley na kumwambia inshallah, ile inshallah ya kumaliza mazungumzo.

Halafu kuna watazamaji. Loki zilizo karibu na baa na mikahawa hazikosi watu Jumapili: wazee na mbwa wao, watoto na aiskrimu, vijana wa kupiga picha. Wamekaa majanini wanakutazama ukihangaika na boriti ya mwaloni yenye uzito wa gari, hakuna anayeinuka. Kisha mmoja atakusogelea, jasho linakutiririka chini ya mtandio, na atakuambia kwa moyo safi kabisa, "Maisha yenu yana utulivu, eh?" Mwenzangu, huku mimi natafuta jibu la adabu, yeye chini anajibu, "Sana!"

Utulivu upo, sikatai, ikiwa utulivu ni kutofika. Sheria hairuhusu kuzidi maili 4 kwa saa, yaani kilomita sita na ushei, na ukipita maboti yaliyofungwa ukingoni inabidi upunguze zaidi ili usiyatikise. Tunapitwa na wakimbiaji, na akina mama wanaosukuma vigari vya watoto, na siku moja tulipitwa na bata na vifaranga vyake, nikaapa nimemwona akigeuka kututazama. Kutoka Braunston mpaka Oxford kwa gari ni mwendo wa saa moja hivi. Kwa Mfereji wa Oxford ni kilomita zinazokaribia 90 na loki zinazokaribia 40, na ukitaka kulala usiku kama binadamu inakula wiki nzima.

Na usidhani mfereji huo unakwenda Oxford moja kwa moja. Brindley alikuwa na kanuni: kuliko kukata kilima, kizunguke. Mfereji unafuata usawa wa ardhi, unajipinda kila bonde, unarudi ulikotoka, unajuta, unaanza tena. Nilianika nguo naona kinu cha upepo cha kilimani Napton upande wa kulia. Nikapika, tukala, nikaosha vyombo, kinu kiko kushoto. Nikamuuliza nahodha kama tumesogea. Akasema mizunguko hiyo ndiyo uzuri wake. Karne ya 19, reli ilipoanza kuwatia kiwewe wenye mifereji, waliunyoosha upande wake wa kaskazini. Huku kusini tunakozunguka sisi waliuacha ulivyo, labda kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kufika.

Sasa fikirieni sala kwenye chombo cha namna hiyo. Kutoka Uingereza kibla kiko kusini mashariki, hilo halibadiliki, lakini boti linabadilika. Unatia nia umeelekea Makka. Kufika rakaa ya pili kona imekata, unaelekea Wales. Nikatoa amri, na hiyo ndiyo amri pekee inayotiiwa bila mjadala chomboni mwetu: ukiingia wakati wa sala, injini izimwe, boti lifungwe. Maboti ya nyuma yetu yamezoea. Kuna mzee mmoja aliyekuwa akitufuata kutoka Banbury, alikuwa akiona tunafunga kamba na yeye anakwenda kuchemsha maji ya chai.

Maji! Tumezungukwa na maji na hatuna maji. Ya mferejini si ya kunywa, si ya kupikia, wala usingependa yakuguse. Ya kutumia tunayachota kwenye bomba maalumu njiani kwa mpira mrefu, tangi likijaa ndiyo riziki ya siku kadhaa. Majirani zetu Wazungu tangi lao linakaa muda mrefu kuliko letu, na hilo halinishangazi, kwa sababu wao hawatawadhi mara tano, hawatumii maji chooni, na mchele wao hawauoshi mpaka maji yatakate. Hapa, lazima nimpe Baba Rehema haki yake, mtu wa Kondoa ameng'ara. Amekua akifukua mchanga wa mto kutafuta maji ya ndoo moja. Anaweza kuoga mwili mzima kwa kopo mbili na povu likaisha. Mimi wa pwani kopo mbili nanawia uso.

Kisha maji hayo yaliyotumika chooni yaende wapi? Hamkuuliza, lakini nitawaambia, maana mimi niliambiwa nikiwa nimeshahamia. Kuna maboti yenye tangi kubwa la choo linalofyonzwa kwa mashine. Letu lina kaseti. Kaseti ni kidebe cha plastiki cha lita kama 20 kinachochomolewa chini ya choo kikijaa, kikakokotwa kwa magurudumu yake madogo kando ya mfereji, mbele ya watu wa mbwa na watu wa aiskrimu, mpaka kwenye kituo cha kumwagia. Unasalimiwa njia nzima, kwa sababu mferejini kila mtu humsalimu kila mtu, na wewe unajibu habari ya asubuhi huku unajaribu kukificha kidebe nyuma ya mguu. Tulipanga zamu. Zamu ilibadilika lini na kwa kikao gani, sijui. Najua iko kwangu.

Nikilalamika, Baba Rehema hunitolea historia. Ataniambia, wewe unalia na mita 17, je, familia za mabotini za zamani? Reli ziliposhusha nauli za mizigo, mabotini kipato kikawa kidogo, na wengi wakahamisha mke na watoto chomboni, mke akawa ndiye baharia wake. Shehena ilichukua sehemu kubwa ya boti, na familia ikajibana kwenye kijumba cha nyuma cha urefu wa mita tatu, na jiko la makaa humo humo. Hali ilikuwa mbaya hata bunge likapitisha sheria mwaka 1877 ya kusajili maboti na kupunguza msongamano. Kwenye mahandaki yasiyokuwa na njia ya farasi, watu walilala chali juu ya mbao wakalisukuma boti kwa kutembeza miguu ukutani. Na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ataendelea, akina mama waliojiandikisha walipewa maboti ya mizigo kati ya London na Birmingham, wakabeba vyuma na makaa ya mawe, mvua na jua.

Nayasikiliza yote hayo kwa adabu. Kisha namwambia: wale walikuwa wanalipwa.

Kingine anachopenda kunisomea ni kitabu cha L.T.C. Rolt kiitwacho Narrow Boat. Rolt alikuwa mhandisi. Boti lake Cressy alilitengeneza kwenye gati la Tooley pale Banbury, na mwaka 1939 akaondoka nalo, na mkewe Angela, kuzunguka mifereji ambayo wakati huo ilikuwa inakufa. Kitabu kilitoka mwaka 1944 na kikawagusa watu. Miaka miwili baadaye yeye na Robert Aickman wakaanzisha chama cha kuitetea mifereji isifukiwe, na ni kweli bila kelele zao sehemu kubwa ya njia tunazopita leo ingekuwa maegesho ya magari. Baba Rehema huishia hapo. Mimi nikaenda maktaba kutafuta habari za Angela. Baada ya miaka kama kumi na mbili ya kuishi botini, ndoa ilivunjika, na yeye akaenda kujiunga na sarakasi ya Billy Smart. Nilipomsomea mwenzangu habari hiyo alikuwa na la kufanya kwenye injini ghafla.

Kwa injini, tena, namwonea huruma. Kuna kifuniko sakafuni nyuma ya boti, na rafadha ikikabwa hana budi kulala kifudifudi, mkono mpaka begani kwenye maji ya barafu, aondoe kilichojizonga. Amewahi kutoa kipande cha zulia, waya, mifuko isiyohesabika, na sidiria moja ambayo mpaka leo hatujapata maelezo yake. Mgongo wake, kazi hiyo unaiweza.

Wenye kuishi bila gati la kudumu, kama sisi, kisheria hawaruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Nyumba yangu inatakiwa ihame kila baada ya wiki mbili. Ukijua hilo, jaza fomu yoyote Uingereza. Anwani yako? Iko karibu na daraja. Daraja gani? Inategemea na wiki. Kliniki moja ilinitumia barua ya miadi, ikanifikia nyumbani kwa binti yangu wakati miadi imeshapita na mimi nikiwa kilomita 60 upande mwingine, kwa mwendo wa bata. Juu ya hapo kuna leseni ya kila mwaka, bima, cheti cha usalama cha kila miaka minne, na kila baada ya miaka miwili mitatu chombo kipandishwe nchi kavu kipakwe lami tumboni kisiliwe na kutu. Marehemu baba alipaka mashua yake deheni, shughuli ya asubuhi moja na watoto wa mtaani. Sisi tunalipia kwa mita.

Kipindi cha baridi sitakieleza sana. Makaa ya mawe, majivu, king'ora cha moshi wa sumu kinacholia nikikaanga sambusa, kanga zangu zimeota ukungu kabatini, na asubuhi nyingine mfereji umeganda hatuendi mbele wala nyuma. Baridi ya mwaka 1962 kuingia 1963 iligandisha mifereji kwa wiki nyingi na ikaimaliza sehemu kubwa ya biashara ya mizigo iliyokuwa imebaki. Watu wa kazi walisoma ishara wakaondoka. Tukabaki wastaafu.

Jamaa zangu wa Unguja na Dar, mmeziona picha anazowatumia Baba Rehema: amesimama kwenye kana, kofia ya unahodha kichwani, nyuma yake jua linazama. Sasa simu yangu haipumziki, kila mtu anataka kuja kupumzika mferejini. Karibuni sana. Njooni kati ya Mei na Septemba, mlete viatu visivyoteleza, glavu, na koti la mvua hata kama ni Julai. Viungo vya pilau msibebe, vinapatikana. Mwenye mgongo mbaya aje na cheti cha daktari, nami nitakisoma mara mbili. Jembe la kumpa mgeni siku ya tatu hatuna huku. Atapewa kaseti.